Usininunulie Chumba

Riziki mwanangu,

Mmeniacha hapa na sahani ya fufu iliyofunikwa, wewe na mumeo Patrick, mkaenda kanisani kuagwa. Niliwaambia goti linauma. Linauma kweli, ila si kiasi hicho. Sikutaka kusimama mbele ya watu huku Pasta ananisogezea maikrofoni mdomoni nimuage binti yangu, kwa sababu ningelia, na baba yako akilia huwa anatisha watoto wa watu. Kwa hiyo nimekaa kwenye meza ya jikoni, nimesogeza pembeni simu za wateja pamoja na bisibisi zangu, na ninakuandikia kabla hamjarudi na mafurushi ya zawadi.

Sitakuandikia habari za masweta na baridi ya Cape Town, wala za kusali, wala za kumpigia shangazi yako simu. Hayo yote mama yako alikwambia, akarudia, akarudia tena, na mpaka leo unaacha taa ya bafuni inawaka. Mimi nataka kuzungumza juu ya ofa ya kununua nyumba mtakayosaini mkifika.

Jana ulinionyesha picha za nyumba mbili. Ya kwanza iko ndani ya geti lenye walinzi, nyumba zote zimefanana, sakafu inang'aa, vyumba ni vitatu na kimoja kiko chini. Ulinisogezea simu karibu na miwani ukasema, "Papa, hiki ni chako. Hakuna ngazi, bafu iko hapohapo." Ya pili ni ndogo, ya zamani, vyumba viwili tu, rangi imebanduka ukutani, na mzee mwenye nyumba bado anaishi humo. Hiyo uliipitisha haraka. "Hii haifai, haina mahali pa kukulaza," ulisema. Patrick akaenda kuoga, wewe ukaenda kupika chai. Nilipogeuka kwenye kiti nilikuona umesimama mbele ya jiko, umeirudia picha ya nyuma ya ile nyumba ndogo, yale majani yanayofika mpaka kwenye uzio, unaikuza kwa vidole viwili. Chai ikafurika. Ukasema jiko letu siku hizi lina moto mkali.

Nimekulea mimi, Riziki. Najua unavyotazama kitu unachokitaka.

Mama yako alikuwa akitazama vilevile. Unakumbuka zile Jumapili, mwaka wa Kombe la Dunia, ulipokuwa unamaliza sekondari? Tukitoka ibadani tunapanda teksi kwenda kuangalia nyumba zinazouzwa, bado tumevaa nguo za kanisani. Wewe ulikuwa ukinuna kwa sababu wenzako wako ufukweni wanapuliza vuvuzela, na wewe uko kwenye sebule ya watu usiowajua, unashika Biblia ya baba yako. Mimi nilikuwa nagonga kuta na kufungua mabomba, nikijifanya najua. Mama yako hakutazama jiko wala vyumba. Alipitia sebuleni kama mtu anayewahi choo, akafungua mlango wa nyuma, akatoka. Wakala mmoja alidhani anakagua mifereji.

Huko nyuma alisimama akaanza kupanga kwa mkono. "Apa bamama. Pale wanaume. Moto iko apa, karibu na maji. Hema inafika mpaka kwa ule ukuta." Mimi nilikuwa naona aibu. Siku moja nilimuuliza mbele ya wakala, "Mama Riziki, tunanunua nyumba ama makaburi?" Hakucheka. Alinijibu bila kunitazama, "Baba Riziki, mutu anazaliwa hospitali, anakufa hospitali. Lakini kilio iko kwa nyumba. Minataka nyumba yenye batu banaweza kulia."

Ulikuwa mdogo sana nyanya yako alipofariki Uvira, sijui kama unakumbuka. Habari ilitufikia kwa simu, hapahapa ghorofa ya sita. Watu wetu walikuja, kama desturi, wakakaa kitandani, wakakaa kwenye beseni lililopinduliwa, wakajaa kwenye ngazi. Kwetu mtu akifiwa haachwi. Watu wanaweka mikeka uwanjani, wanalala hapo, wanaimba, wanapika, wanagombana kidogo, mpaka siku ya mazishi. Sisi hapa, jirani wa chini alitugongea dari kwa mpini wa ufagio, na watu wakaanza kuondoka mmojammoja, wanainama mlangoni wanasema pole. Mama yako alimlilia mama yake ndani ya mto ili asisikike. Tangu hapo alianza kuweka fedha zake zote za saluni kwenye likelemba la akina mama, ule mchango wao wa kupokezana, na hakuniambia za nini mpaka zilipofika kiasi cha kuongea na mwenye nyumba.

Ndipo tukampata Anti Shanti kule Chatsworth. Wewe ndiye uliyeona kibao, teksi ilipotushusha karibu na roboti, zile taa za barabarani, kibao kilichoandikwa kwa mkono na kufungwa kwenye geti. Alikuwa mjane wa Kihindi, mtoto wake wa kiume yuko Johannesburg, nyumba imemzidi. Mama yako alipita moja kwa moja mpaka nyuma, na Anti akamfuata na kikombe chake cha chai, akamuuliza, "Unatafuta nini, binti? Bomba?" Mama yako na kile Kiingereza chake cha saluni akaanza kueleza, anaonyesha hema kwa mikono miwili, anaonyesha watu waliolala. Anti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kikombe chini, akatembea mpaka katikati ya uwanja, akasimama. "Hapa," alisema. "Hema la mume wangu lilikuwa hapa. Watu walijaa mpaka barabarani." Wakalia wote wawili, wanawake ambao hawajajuana hata saa moja. Mimi nilikuwa nakagua paa.

Baada ya hapo hatukwenda kuangalia nyumba nyingine. Kila Jumapili ilikuwa Chatsworth. Mama yako alimpaka Anti mafuta ya nywele akamsuka kwenye ngazi ya nyuma, Anti akamfundisha kupika dengu. Kibao kikaondolewa getini. Anti alikubali tulipe nusu kwanza na nusu mwaka unaofuata kupitia wakili wake, jambo ambalo benki yoyote ingetucheka kwa karatasi zetu za ukimbizi. Aliomba kitu kimoja tu. Unazikumbuka zile bendera ndogo nyekundu, kwenye fito za mianzi, pembeni mwa geti? Aliomba zibaki mpaka sala za kumbukumbu ya mumewe, halafu mtoto wake atakuja kuzitoa kwa taratibu zao. Mama yako alisema ndiyo, bila shida. Aliniambia kwenye teksi wakati wa kurudi, na mimi nilikaa kimya nikitazama nje.

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nimeshaamua. Nilijiambia, nyumba ya mtu aliyeokoka itaanzaje chini ya bendera za miungu ya watu? Badala ya kumwambia mama yako, nilikwenda kuliambia kundi la maombi. Na wewe unalijua kundi letu. Sisi mtu akitaka kitu tunakizunguka kama Yeriko. Tumezunguka magari, tumezunguka saluni, hata ofisi ya wakimbizi tuliizunguka, polisi akatufukuza. Ndugu mmoja alikuwa ameshatuandikia ofa kwa Kiingereza kizuri, ya kupelekwa Jumatatu. Mimi nikasema Jumamosi alfajiri tukaikomboe nyumba kwanza.

Mama yako nilimwambia tunakwenda maombi. Alikuja bado anafunga kitambaa kichwani, na wewe nyuma yake unapiga miayo. Teksi ilipokata kona ya kwenda Chatsworth alinigeukia. "Baba Riziki, Anti anajua?"

Nikamjibu, "Mungu anajua."

Hilo jibu, mwanangu. Nimetengeneza simu nyingi zilizoanguka majini, lakini hilo jibu sijapata namna ya kulitengeneza.

Ulikuwapo, uliona. Tuliingia uani kwa sababu geti halikuwa na kufuli. Mama yako alibaki nje ya geti, akakataa kuingia, na wewe ukabaki naye umemshika mkono. Tulizunguka nyumba ya mwanamke aliyelala, tunanena kwa lugha, tunapiga makofi. Pasta alimwaga mafuta chini ya zile fito. Na mimi, baba yako, nilishika mwanzi mmoja kwa mkono wangu nikaukemea. Nilisema toka. Nilisema kwa sauti.

Nilipofungua macho Anti Shanti alikuwa mlangoni na gauni lake la kulalia, amejifunga shali. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alisema polepole, kwa kile Kiingereza chake cha Chatsworth, kwamba mwanzi ule mumewe aliusimika mwenyewe, akiwa tayari mgonjwa, na alipumzika mara nyingi akichimba. Halafu akatazama juu ya vichwa vyetu sote mpaka getini. Akamuuliza mama yako, "Na wewe ulijua?"

Mama yako alinitazama. Wanaume wa kundi wote walikuwa pale, na Pasta. Kama angesema sikujua, mumewe angeonekana mbele yao mtu aliyemdanganya mkewe ili amlete. Alisema, "Ndiyo, Anti. Nilijua."

Anti aliingia ndani akafunga mlango. Ofa haikupelekwa kwa sababu hapakuwa tena na mtu wa kuipokea.

Nilingoja mama yako anigombeze. Nilijiandaa, nikatafuta hata mistari ya Biblia ya kujitetea. Hakunigombeza. Alirudi akapika, Jumatatu akaenda saluni. Ila Jumapili zikabadilika. Tukitoka kanisani alikuja moja kwa moja nyumbani, akavua viatu, akalala akitazama ukuta. Nikimwambia kuna nyumba inauzwa Cato Manor, alinijibu, "Uangalie weye. Ukiona ni muzuri, ni muzuri." Nilidhani amesamehe. Sasa naona alikuwa amechoka kutaka kitu, na mimi nilifurahia kimya chake kwa sababu kilinipa nafuu.

Halafu akaugua, na unajua yaliyobaki. Sitayarudia ya hospitali. Nitasema tu juu ya matanga, kwa kuwa tangu siku ile wewe na mimi hatujayazungumza, tunayakwepa kama mtu anayekwepa kidole kilichoumia.

Tulimlilia mama yako kwenye maegesho ya magari ya jengo letu. Walitupa nafasi kati ya lori dogo la mtu wa samaki na mapipa ya taka. Viti vya plastiki vilitoka kanisani. Akina mama wa saluni walikuja wote, na Warundi wa ghorofa ya pili, na wateja wangu. Waliimba vizuri, waliimba kama kwetu. Kisha mlinzi akaja, yule kijana Mzulu mpole, amevua kofia, anasugua shingo. "Eish, Baba. Samahani. Watu wa juu wanalalamika. Saa tatu lazima iishe." Na ikaisha saa tatu. Watu walikunja mikeka yao, wakaondoka kama wanaotoka kwenye mkutano. Mwanamke ambaye alikuwa ametafuta uwanja mji mzima, akiwapangia watu mahali pa kukaa, alilazwa mochwari peke yake, na waliokuja kumlilia waliambiwa waende nyumbani. Tulibaki wewe na mimi na viti vitupu, na wewe ukaanza kuvipanga kimoja juu ya kingine kwa sababu hukujua ufanye nini na mikono yako. Riziki, moyo wangu ulivunjika pale, na haujaunganika. Sisemi hivi unionee huruma. Nasema ili ujue ninapoandika naandika nikiwa wapi.

Siku ya pili unakumbuka alikuja Anti Shanti. Kuna mtu saluni alimpa habari. Alikuja na mtoto wake wa kiume na sufuria kubwa ya dengu na wali, akapita katikati ya wanaume wale wale wa kundi la maombi bila kuwatazama, akavuta kiti akakaa karibu nami. Wewe ulikuwa unagawa vikombe. Hukusikia aliyoniambia, na mimi sijakuambia mpaka leo.

Aliniambia, "Siku ile alisema alijua. Nilijua anasema uongo, nilimwona usoni. Nilikasirika naye kwa sababu alikufichia kosa." Akatazama mapipa, akatazama lile lori la samaki. Kisha akasema, "Nyumba sikuiuza. Uwanja ulikuwepo. Kwa nini hukuniomba?"

Kutoka pale mpaka Chatsworth ni teksi moja tu. Nilizunguka siku nzima nikiomba ukumbi wa shule, ukumbi wa kanisa, ruhusa ya mwenye jengo, na kwake sikuthubutu hata kupiga simu. Aibu yangu ndiyo iliyomnyima mama yako ule uwanja mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa kiburi, na hicho angalau kilikuwa na sauti.

Sasa nirudi kwenye ofa yenu, maana muda unakwenda na fufu imeganda.

Mkifika, kabla hujashika kalamu, nenda kwenye ile nyumba ndogo bila wakala. Nenda na kitu cha kula. Kaa jikoni na yule mzee, umuache aongee. Atakwambia bomba linalovuja na jirani mkorofi, ndiyo, lakini mwache afike kwenye mengine pia, nani alizaliwa mle, nani alitolewa mle kwenye jeneza, mti gani ulipandwa na nani. Akikuomba kitu kibaki mahali pake kwa muda, kiache. Kama moyo wako hauwezi, mwambie usoni kwamba huwezi. Ukitaka kuombea nyumba, iombee ukiwa umekaa kwenye kiti, kimoyomoyo. Mungu hana shida ya masikio, ingawa Pasta wetu ana mashaka.

Na Patrick. Ni kijana mzuri, viatu vyake tu ndivyo vyenye ncha mno. Siku moja naye atakosea mbele za watu, sisi wote tunakosea. Usimfichie kosa. Usiseme nilijua wakati hukujua. Mama yako alinipenda kwa namna hiyo na nikabaki mjinga miaka mingi, nikidhani ni mzigo mdogo kwa sababu aliyeubeba si mimi. Mwache Patrick aone haya. Atapona haraka kuliko nilivyopona mimi.

Sasa lile la chumba. Nimesikia ulivyokipanga, kitanda upande wa dirisha, redio yangu, kiti cha goti. Niliposikia nilikwenda bafuni nikafungua maji, nikakaa. Hakuna mtu aliyewahi kunipangia chumba tangu nilipokuwa mtoto Uvira. Nataka sana kuwa karibu nawe. Kesho asubuhi mlango ukifungwa nitabaki na simu za watu, na sijui nitamsemesha nani jioni. Lakini mama yako yuko hapa, kwenye udongo wa hapa, na kuna mtu lazima awe anamng'olea magugu. Anti Shanti hunisindikiza siku nyingine, hatuongei sana. Nitakuja kuwatembelea. Nitalala sebuleni kwenye godoro, na nitalalamika, na utafurahi nikiondoka.

Kwa hiyo usininunulie chumba. Ile nyumba ya geti na walinzi ina mlinzi, mwanangu, na siku moja mlinzi huyo atavua kofia asugue shingo. Andikeni ofa ya ile ndogo, ile uliyokuwa ukiikuza kwa vidole. Fungua mlango wa nyuma, utoke, usimame katikati. Angalia akina mama watakaa wapi, wanaume wapi, moto uwe karibu na maji. Angalia kama hema linafika ukutani.

Nina goti bovu na kifua kinachokohoa, na siku yangu itakapofika utapigiwa simu huko. Watu wetu watakuja kwako na mikeka. Wakae, Riziki. Waimbe wanavyotaka. Na ikifika saa tatu, asiwepo mtu wa kuwaambia waende nyumbani.

Nawasikia kwenye ngazi, unacheka. Nafunga bahasha kabla hujaniona macho.

Papa yako